Bi Kiti na Nyumba Pekee Ambayo Hakuiuza

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwaonyesha watu nyumba za watu wengine, Bi Kiti anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jioni ya siku hiyo atalitundika kwenye ubao wa mapokezi shada la funguo ambalo limemtobolea mifuko ya makoti mengi, na sisi tutakaobaki tutaanza kuulizana kila asubuhi nani ana ufunguo wa geti gani. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa matangazo wa kampuni, na mkurugenzi wetu anaamini kwamba mtu aliyeweza kuisifu nyumba yenye choo kisicho na mlango anaweza kumsifu yeyote. Kazi imekuwa ngumu kuliko alivyodhani. Bi Kiti ndiye aliyenifundisha kuzitilia shaka sifa, na tangu aliposikia kwamba naandika habari zake amekuwa akipita nyuma ya meza yangu akijifanya anatafuta stapla.

Kwa wasomaji wasiotufahamu: tunauza nyumba za kisasa, hasa zile zilizobuniwa na wasanifu majengo wenye majina, na nyingi kati ya hizo zimewahi kupata tuzo. Ni nyumba za zege tupu, nyumba za vioo kutoka sakafuni hadi darini, nyumba zilizoning'inia juu ya bonde kiasi kwamba mgeni anaomba kwanza kitu cha kushika. Watu huja kwa wingi kuzitazama. Kununua ni habari nyingine, na hapo ndipo Bi Kiti alipojipatia heshima yake.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Aliingia kama karani wa mapokezi, enzi za mashine ya kuchapa iliyokuwa ikiruka herufi. Dalali mkuu wa wakati ule, mzee mpole aliyefunga tai hata siku za mapumziko, aliamka asubuhi moja shavu limevimba kwa jino, na wateja walikuwa tayari njiani. Mkurugenzi wa wakati huo alimkabidhi karani funguo akamwagiza afungue milango na afunge mdomo. La kwanza alilitimiza. La pili lilimshinda kabla hajafika sebuleni.

Wateja walikuwa mume na mke waliooana karibuni, na nyumba ilikuwa ya ule mtindo wa chumba kimoja kikubwa, jiko, kitanda na meza vyote vikitazamana. Karani wetu aliizungushia macho, akawageukia wale vijana, na kwa nia njema kabisa akawauliza: "Mkigombana, kila mmoja anakwenda wapi?"

Mume alicheka, mke hakucheka. Wakaanza kuizunguka nyumba wakitafuta jibu. Mke alijipatia ngazi fupi inayopanda kwenye rafu za vitabu, mume akachagua kibaraza cha nyuma, wakarudi wameshikana mikono, wakainunua. Dalali mkuu aliporejea na shavu lake alimkuta karani ameketi kwenye kona ya meza yake, akitaka kujua nyumba inayofuata iko wapi na nani alikuwa akiishi humo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumjua ni kwamba Bi Kiti ni mdadisi. Wenye nia mbaya huuita udadisi huo umbeya, nami nimewahi kuwa mmoja wao, lakini mbeya hutaka kujua mambo yako ili akayaseme kwingine, na Bi Kiti hutaka kuyajua ili akuelekeze kabati. Atakuuliza mwavuli uliolowa utauweka wapi. Atakuuliza nani huamka kwanza nyumbani kwenu, na je, huwasha taa. Atakuuliza mama mkwe akija ataketi upande gani ili awepo bila kuwa njiani. Wateja waliokuja kujivunia elimu yao ya usanifu waliondoka wamemsimulia jinsi baba zao walivyokuwa wakikoroma.

Kiti chenyewe kilikuja miaka michache baadaye. Nyumba za namna yetu huonyeshwa zikiwa tupu, na mteja hupita humo akiwa amefunga mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Bi Kiti aliona kwamba mtu aliyesimama huwa anaitazama nyumba tu, na kwamba akiketi huanza kujitazama yeye mwenyewe akiwa ndani yake. Alikwenda kwa shemeji yake, seremala aliyemwoa dada yake mkubwa, akaomba kiti cha kukunja cha kuingia nyuma ya gari. Shemeji alimtengenezea kwa mbao ngumu na turubai la kijani, akamwonya kwamba kikivunjika asiende kumsengenya kwa dada yake. Hakikuvunjika. Jina la Bi Kiti lilishika mara moja, na leo hata benki hutuma salamu zao kwa jina hilo.

Utaratibu wake haukubadilika tangu hapo. Anaanzia mlango wa jikoni, kamwe hapiti mlango mkubwa, kwa hoja kwamba mwenye nyumba hupita mlango mkubwa siku ya harusi na siku ya wageni wa serikali. Anamkabidhi mteja kiti, anamwambia akiweke popote moyo unapopenda, kisha ananyamaza. Ananyamaza kweli, mwanamke huyu ambaye kwenye foleni ya posta hamalizi dakika bila kujua jirani yake anatuma nini. Daktari wa meno mmoja aliketi kwenye kiti hicho katika nyumba ya zege kule mlimani, akalala fofofo. Bi Kiti akasimama mlangoni kidole mdomoni akiwazuia wateja wengine, na daktari alipoamka aliuliza atie sahihi wapi. Mama mmoja mfanyabiashara aliketi katika bafu la vioo lililosifiwa magazetini, akainua macho, akakutana na jirani aliyekuwa akishuka ngazi zake, na jirani akampungia mkono kwa adabu. Mauzo hayo yaliota mbawa, na Bi Kiti alicheka njia nzima hadi ofisini.

Na mimi nimekiona cha moto. Nikiandika "mwanga wa kutosha", ananiuliza saa ngapi. Nikiandika "jiko la ndoto", anataka kujua ndoto ya nani, mpishi au mwosha vyombo. Siku niliyoandika kwamba nyumba fulani "inazungumza na mazingira yake", alinichukua kwa gari hadi huko, akanisimamisha bustanini, akaniambia nimjulishe ikianza.

Kila mwaka chama cha wasanifu majengo hufanya hafla ya kutoa tuzo kwa nyumba bora, na kila mwaka Bi Kiti huhudhuria kwa gauni lile lile la samawati. Wenzetu huenda kutafuta nyumba za kuuza. Yeye huenda kuuliza maswali. Amewahi kumbana msanifu aliyeshinda kwa ngazi zisizo na kishikio, akamuuliza kama ana watoto. Hakuwa nao. Baada ya muda kijana huyo alimpigia simu mwenyewe kumjulisha kwamba amepata binti, binti ameanza kutambaa, na kishikio kimewekwa.

Nyumbani kwake Bi Kiti anaishi peke yake. Mumewe, fundi saa mwenye utani mwingi, alifariki miaka kadhaa iliyopita, na wanawe wana familia zao mbali. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kufungua nyumba kwa wote, kwa hiyo Jumamosi zake zote amezimalizia sebuleni kwa watu. Mapema mwaka huu, tukiwa kwenye chai, mhasibu alimtania kwamba sasa atapumzika apende asipende. Bi Kiti aliweka kikombe chini. Alisema kwamba siku nyingine zote atazipatia shughuli. "Lakini Jumamosi nitakuwa nyumbani kwa nani?" Tulicheka kwa mazoea, kisha tukaona kwamba yeye hacheki, na mhasibu akamsogezea sahani ya biskuti.

Sasa nifike kwenye nyumba ambayo nimeombwa na wengi niisimulie, na ambayo mkurugenzi ameniomba niisimulie kwa ufupi.

Ofisini tuliiita Nyumba ya Ukuta. Ukiingia getini unakutana na ukuta mrefu wa udongo ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, mwekundu chini, wa rangi ya asali juu, unaopinda polepole hadi mwisho wa nyumba bila dirisha wala tundu. Unaufuata ukiupapasa kwa mkono. Kisha unafika mwisho wake na ghafla uko kwenye ua wenye mti mmoja na kidimbwi, vyumba vyote vikiuzunguka. Kelele za barabarani zimebaki nyuma. Mwanga unashuka kutoka juu. Waamuzi wa tuzo waliandika kwamba hii ni nyumba inayojua kunyamaza, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuongeza kwenye tangazo.

Mbunifu wake alikuwa mtu wa makamo anayeheshimika. Alipopokea tuzo, alisema jukwaani kwamba amemjengea mama yake mzazi mahali pa utulivu, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, Bi Kiti akiwemo. Mama mwenyewe hakuwepo; haipendi baridi ya viyoyozi. Miezi michache baadaye tukasikia kwamba ameihama nyumba na kwenda kuishi kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji. Nyumba ikakaa tupu, na hatimaye mbunifu akatuletea tuiuze.

Hatujawahi kupata nyumba iliyopendwa vile. Watu walivua viatu bila kuambiwa. Walinong'ona. Waliupiga picha ukuta, wakapigana picha mbele ya ukuta, wakatushukuru, wakaondoka. Karibu miaka miwili hivyo. Bi Kiti alilichukulia jambo hilo kama fumbo la kutatua. Kwanza alidhani ni kidimbwi, watu wanahofia watoto, akaomba kiwekewe wavu. Hakuna aliyenunua. Akadhani ni mwangwi wa sakafu, akaleta zulia la nyumbani kwake, ambalo nililibeba mimi begani huku akinielekeza kutoka nyuma. Zulia halikusaidia. Akaapa mbele yetu sote kwamba hatastaafu huku picha ya nyumba ile ikiwa bado kwenye dirisha la ofisi.

Akampigia mbunifu kumuuliza, bila kuzunguka, mama alihama kwa nini. Mbunifu alijibu kwamba mama alisema magoti yanamsumbua. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeumia, kwamba nyumba nzima haina ngazi hata moja, akakata simu. Baadaye tulijua kwamba mama na mwana walikuwa wamefikia kusalimiana kama watu waliokutana benki. Mwana aliona zawadi yake imekataliwa mbele ya mji mzima, na alitaka nyumba iuzwe ili asipite tena mtaa ule.

Katika Jumamosi hizo akaanza kuja mama mmoja mtu mzima, mwenye mwavuli mweusi na mkoba wa ngozi. Hakupiga picha. Alifungua makabati na kuyafunga taratibu, akapitisha kidole kwenye rafu kuona vumbi. Bi Kiti alipomwona anainama kutazama chini ya karo, alimpigia mkurugenzi simu kumwarifu kwamba mnunuzi amepatikana. Yule mama alipokuja tena, na tena, Bi Kiti akaona wakati umefika wa kumchangamsha. Alimsogelea na kumsimulia kwa sauti ya siri kisa cha nyumba: kwamba mtoto wa watu alijenga haya yote kwa ajili ya mama yake, na mama akayakimbia, kwamba wazee wengine bwana ni wagumu, unamvisha dhahabu anasema inamwasha. Nilikuwa karibu nikipiga picha za jiko, nikasikia yote.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kila palipostahili.

"Huyo mama ni mimi," alisema. "Haya, endelea. Hata mimi nataka kujua alikimbia nini."

Bi Kiti alimtazama upya, kuanzia mwavuli hadi uso. Baadaye alisema pua ilikuwa ile ile ya mwanawe na kwamba alistahili kukatwa mshahara kwa kutoiona. Pale pale alifanya kitu pekee alichokijua: akakikunjua kiti. Mama alikichukua, akakiweka jikoni mkabala na ukuta, akaketi na mwavuli wake magotini. Baada ya muda familia moja ya watazamaji ilitokeza nyuma ya ukuta, miguu mitupu, kimya kimya, na mama akashtuka hadi mwavuli ukaanguka. Alisubiri wapite.

"Nimezoea kumwona mtu akija," alisema. "Humu watu wananitokea tu."

Mengine aliyaeleza polepole, naye Bi Kiti amechuchumaa mbele yake akisahau kabisa kwamba magoti yake mwenyewe yana madai. Katika nyumba yake ya zamani karo lilikuwa chini ya dirisha, na dirisha lilitazama njia. Miaka yote alikuwa akiosha vyombo huku akiwaona watu wanavyokuja. Aliweza kumjua mgeni mwenye shida kabla hajafika mlangoni, akabandika chai. Huyo mwanawe alimjua kwa mwendo: akitoka shule mabega yako juu, amefaulu, akiwa anapiga teke vijiwe, akae naye kwanza kabla ya kumuuliza. Katika nyumba ya ukuta aliishi akisubiri kushtuliwa. Hakujua nani anakuja, wala kama kuna anayekuja. Na angemwambiaje? Kijana amesimama mbele ya watu, amemtaja mama yake, amepigiwa makofi. Ikabidi asingizie magoti. Tena alikuwa akija kila Jumamosi, alisema, kwa sababu aliikumbuka nyumba, na kwa sababu alitumaini kwamba pengine mwanawe naye angepita.

Akamwomba Bi Kiti asimwambie mwanawe. Bi Kiti akaahidi, na ahadi hiyo ilimnyima raha kuliko jino lilivyomnyima yule dalali mkuu. Alikuwa ameupata ufumbuzi wa fumbo lake la karibu miaka miwili na hana ruhusa ya kuutamka. Akatembea ofisini akigusagusa vitu. Mwishowe alikwenda hadi kwa mdogo wake mama, akaomba jambo lingine: hatamwambia mwanawe chochote, ila aruhusiwe kumwonyesha. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Mama alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba mtoto asifedheheshwe.

Basi siku moja ya kazi mbunifu aliitwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Bi Kiti alimweleza kwamba mama yake atafika kuitazama, akamwomba akae kwenye kiti pale jikoni na amjulishe atakapomwona. Mbunifu alicheka kidogo, akaketi. Akatega sikio. Akainuka, akaufuata ukuta hadi getini, hakuna mtu, akarudi. Akaketi. Akainuka tena, akatoka, akarudi akiwa na haraka zaidi. Nilikuwa uani na kamera yangu, nikamwona akianza kuutazama ukuta kwa namna nyingine, kama mtu aliyefungiwa njia mahali alipokuwa akipita. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi tena, macho juu kwenye mwanga, mama alipomsalimu kutoka nyuma. Aliruka, kiti kikaanguka. Mama alikuwa amesimama pale kwa muda akimtazama kisogo, ambacho alisema kinahitaji kinyozi.

Mbunifu aliutazama ukuta, akakitazama kiti, akamtazama mama yake. "Mama, ulikuwa ukikaa hapa hivi kila siku?"

Mama alimjibu kwamba ukuta ni mzuri sana. Alimaanisha hivyo. Aliusifu tabaka kwa tabaka, na mwanawe akaziba uso kwa viganja.

Ingekuwa imekwisha hapo kama isingekuwa tuzo. Chama cha wasanifu kina tuzo nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, inayotolewa kwa nyumba iliyowahi kushinda ikiwa miaka mitano baadaye bado imesimama kama ilivyoshinda. Si watu wengi wamewahi kuipata. Nyumba ya Ukuta ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki kwenye mchujo, waamuzi walikuwa wakija baada ya wiki chache, na kila aliyeelewa mambo hayo alisema ni yake. Mbunifu alimwomba mama asubiri. Waamuzi wakishapita, atamtobolea dirisha. Mama alisema hakuna neno, amengoja zaidi ya hapo. Bi Kiti naye akakunja kiti, na kwenye gari alinyamaza njia nzima. Kwa anayemfahamu, huko ni kupiga kelele.

Siku chache baadaye mbunifu alikwenda kwa mama yake mdogo kuwapelekea tarehe ya waamuzi. Hakuwa amefika mlangoni mlango ulipofunguka. Mama alikuwa amemwona tangu kwenye kona, ameona mabega, amekwisha kumimina chai. Mbunifu aliketi akanywa. Kutoka huko alimpigia simu mwashi.

Mwashi huyo ndiye aliyeushindilia ukuta kwa mikono yake. Aliomba arudiwe maagizo, kisha akamvuta Bi Kiti pembeni kumuuliza kama bwana mkubwa ana afya njema. Kazi ilipangwa siku ile ile ya waamuzi, kwa sababu mbunifu alisema hawezi kuwaonyesha ukuta ambao moyoni amekwisha kuutoboa. Walimkalisha mama kwenye kiti cha Bi Kiti, wakachora mstari wa makaa usawa wa macho yake, na mwashi akaanza. Vumbi jekundu lilitufunika sote. Mama alikataa kuhama. Tundu la kwanza lilipofunguka, dogo kama sahani, mwanga wa njia uliingia jikoni kwa mara ya kwanza, na mama akainama mbele.

"Kuna watu watatu getini," alisema. "Mmoja amekasirika."

Walikuwa waamuzi, na kweli mwenyekiti wao alikuwa amegombana na dereva. Waliingia wakayakuta mawingu ya vumbi, mwashi na nyundo yake, na msanifu mwenye nywele nyekundu kwa vumbi akimpangusa mama yake uso kwa shati. Tuzo ilikwenda kwa jengo la maktaba, jengo zuri, sina ugomvi nalo. Taarifa yao iliitaja Nyumba ya Ukuta katika sentensi moja iliyoanza na "kwa masikitiko". Ila niseme nilichokiona: mmoja wao, yule mpole mwenye miwani, aliomba aketi kidogo kwenye kile kiti, na wenzake wakalazimika kurudi kumwita.

Mama amehamia humo tena, na nyumba haiuzwi. Mkurugenzi alikasirika mpaka saa ya chakula cha mchana, kisha yakamwisha. Picha iliondolewa dirishani na Bi Kiti mwenyewe, kwa hiyo kiapo chake hakikuvunjika, japo kilipita njia yake. Katika miaka yote thelathini na moja hiyo ndiyo nyumba pekee aliyokabidhiwa ambayo hakuiuza, na ndiyo pekee ambayo amenikataza nisiiandikie tangazo.

Kuhusu kiti: kamati ya hafla ya kumuaga iliomba tukiweke kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Haiwezekani. Dirisha lile lilipimwa kwa kiti kile. Ukikalia kingine unaona ama mbingu ama miguu ya watu, kwa hiyo kiti kilibaki. Shemeji alitengeneza cha pili, na Bi Kiti amekitumia tangu hapo akilalamika kwamba kinalia. Shemeji anasema kinacholia si kiti.

Tunakushukuru, Bi Kiti. Tunakushukuru kwa kila nyumba iliyopata wenyewe, kwa madalali wote uliowalea hapa ambao sasa wanaanzia mlango wa jikoni bila kujua waliiga wapi, na kwa niaba yangu binafsi, kwa kila sifa uliyoifuta kwenye matangazo yangu. Tutakukosa, na mimi nitakukosa kuliko nitakavyokubali ukiniuliza.

Wiki iliyopita mbunifu alipita ofisini na salamu za mama yake. Mama amesikia tarehe yako ya kustaafu, na ametuma ujumbe ambao ametaka uandikwe, kwa kuwa hamwamini mwanawe kuufikisha mzima. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo unatarajiwa, na Jumamosi zinazofuata pia. Chai itakuwa imemiminwa. "Mwambieni asibishe hodi," amesema. "Nitamwona akija."

Basi pumzika kwa afya na kwa furaha, dada yetu, na udadisi wako usipungue hata kidogo. Ukishafika kwenye geti lile, usiharakishe. Tembea tu kwa mwendo wako, kuna mtu dirishani anautazama.